Ng'ombe Wasio wa Mahari

Agustina alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe la nyuma ya nyumba ya baba yake, huko Gorong'a, aliposikia kengele za ng'ombe zikija kutoka bondeni. Hakuinua kichwa. Gorong'a ng'ombe si habari; habari ni siku usiyowaona. Aliendelea kupanga vipande vyake mpaka aliposikia kaka yake Vincent akisema kwa ile sauti ya chini anayoitumia akikasirika kwelikweli, "Huyu mtu amepotea njia, au amechoka kuishi?"

Hapo ndipo alipotazama. Na moyo wake, ule ule aliouambia kwa miaka saba kwamba habari za mwanaume yule zimekwisha, ukamsaliti mchana kweupe.

Alikuwa Nashoni. Amekonda, raba zake zina tope mpaka juu, fimbo iko begani, na mbele yake kuna kundi la ng'ombe waliochoka kutembea. Nashoni wa Kenyamonta, mwanaume aliyemwoa, akampenda mpaka majirani wakaona aibu kwa niaba yao, kisha akasimama kimya kama gogo siku mama yake, Verdiana, alipomrudisha Agustina kwao kwa sababu hazai.

Msomaji wa huku haelezwi mke akirudishwa maana yake nini, lakini wa mbali naye ana haki ya kujua. Mke akirudi, ng'ombe wa mahari nao wanarudi. Na ng'ombe wale baba yake Agustina, Mzee Mwikwabe, alikuwa ameshawaweka tayari kumtolea mahari mchumba wa Vincent. Wakatolewa bomani kichwa kichwa, wakavushwa mto, na yule mchumba akaolewa kwingine. Vincent alikuja kuoa baadaye, ndiyo, tena mke mwema. Lakini si yule.

"Shikamoo, baba," Nashoni alisema, akasimama mbali kidogo na mahali Mzee Mwikwabe alipokuwa ameketi kwenye kigoda chake.

"Marahaba," mzee alijibu. Hakumkaribisha kuketi.

"Una kibali cha kusafirisha mifugo?" Vincent aliuliza.

Nashoni akakitoa mfukoni. Vincent alikisoma mbele, akakigeuza akakisoma nyuma, akitafuta kosa kwa bidii ambayo angeitumia shuleni angekuwa mbali. Hakupata kitu, akakirudisha.

"Mura," mzee alisema, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "umekuja kuoa? Maana mahari haiji hivi. Mahari ina washenga, ina siku yake, ina maneno yake. Wewe umekuja peke yako kama mtu anayepeleka ng'ombe josho."

"Sikuja kuoa, baba."

"Basi ni faini. Faini wanaikata wazee. Nani amekutoza?"

"Hakuna aliyenitoza."

"Unataka tukutunzie?"

"Hapana. Hawa ni wale mliowarudisha. Wengine ni wao wenyewe, wengine ni watoto wao. Nimewaleta wabaki hapa. Sidai mke, sidai kitu." Aliinua macho akamtazama mzee. "Binti yako alirudishwa kwa kosa lisilo lake. Asiyezaa ni mimi. Nimepimwa, na sababu imeonekana. Jana nimewaambia wazee wa kwetu wote, na leo nakwambia wewe."

Mwanaume wa Kikurya anaweza kukubali kwamba ameiba, anaweza kukubali kwamba amepigwa. Neno lile alilolisema Nashoni, mbele ya mkwe aliyemkosea, na mbele ya Vincent mwenye fimbo mkononi, hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kwenye kinywa cha mwenyewe.

"Umri huu nilionao," mzee alisema hatimaye, "nimeona ng'ombe wa mahari, nimeona ng'ombe wa faini, nimeona ng'ombe wa wizi. Hawa wako hawana jina."

"Naomba kuzungumza naye, baba. Hapo hapo ulipo unatuona."

Mzee alimtazama binti yake. Agustina hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Alifuta mikono yenye unga wa mihogo kwenye kanga, na baba yake akaelewa.

"Nenda. Vincent, weka fimbo chini."

Wakasimama, jiwe likiwa katikati yao. Nashoni alimtazama mara moja tu, akahamishia macho kwenye mihogo. Agustina alikuwa ameyaandaa maneno ya siku hii kwa muda mrefu, alikuwa ameyanoa akiwa jikoni kwake Kerende anakouzia chakula, ameyanoa akiteka maji, ameyanoa kitandani. Sasa mtu wake amefika, na maneno yote yamekimbia.

"Umekonda," alisema, akajichukia kwa kusema hivyo.

"Nimetembea."

"Hukukonda kwa kutembea." Akakusanya hasira yake, ikaja. "Hilo ulilomwambia baba, unajua mimi nililijua lini? Nilipimwa Tarime, nikaambiwa sina tatizo. Nilimwambia mama yako, akasema mashine haijui mambo ya ukoo. Nikakwambia wewe. Unakumbuka ulisemaje?"

"Nilisema tumpe mama muda."

"Tumpe mama muda. Na mimi nikapewa mzigo wangu nikapelekwa kwetu." Akakisogeza kipande cha muhogo pembeni. "Unajua kibaya zaidi ni nini? Mtu ukiitwa mgumba kila siku, unaanza kufikiri labda mashine ndiyo iliyokosea. Kuna mtu Kerende, Felix, dereva wa mgodini, amefiwa na mke. Ameomba kunioa, tena kwa heshima. Nikamkatalia. Nikamwambia tafuta mwenye tumbo, mimi sina."

Nashoni alifumba macho. Aliyapokea yale kama mtu anayepokea kipigo anachostahili, hakujikinga.

"Ulijuaje?" Agustina aliuliza. "Nani alikutuma kupima?"

"Boke. Yule aliyeletwa baada yako. Alikaa, akaona hakuna mtoto, hakungoja kurudishwa. Aliondoka mwenyewe. Nikamkuta Sirari sokoni, ana mtoto mgongoni. Akanisalimia vizuri tu, akaniambia, Nashoni, nenda hospitali, acha kuonea watoto wa watu."

"Huyo Boke nampenda tayari."

"Nikaenda Mwanza. Kuna daktari anaitwa Sabaha, mama mpole, anatafiti mambo ya wanaume wasiozaa. Akanikata kipande kidogo sana cha nyama. Acha nisiseme wapi."

"Najua wapi."

Kwa nukta moja tabasamu lilipita kati yao, lile la zamani, lisiloomba ruhusa. Wote wawili wakalikwepa.

"Akakiweka kwenye darubini," Nashoni aliendelea, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kanisani. "Akaniambia chungulia. Mimi nilidhani nitaona kaburi, Agustina. Nilidhani humo ndani mwangu ni pakavu, hakuna kitu, tangu zamani. Nikachungulia. Pamejaa."

"Pamejaa nini?"

"Mbegu zinazoanza. Mbegu ya mwanaume haizaliwi na mkia. Inaanza ikiwa duara kama punje ya mtama, halafu inakua polepole, miezi miwili na zaidi, hatua kwa hatua, mpaka inapata kichwa na mkia wa kuogelea. Na kila hatua, daktari anasema, kuna jeni za kuamshwa na jeni za kulazwa. Ikiamka isiyotakiwa, au ikiamka kabla ya wakati wake, kazi imeharibika."

Agustina aliacha kujifanya anapanga mihogo.

"Sasa sikiliza jambo lililonizuia kulala. Ndani ya vinasaba vyetu, vyangu, vyako, vya baba pale, kuna vipande vya zamani sana, vya kabla watu hawajawa watu. Vinajinakili vyenyewe na kujipachika pengine. Vinaruka. Karibu nusu ya vinasaba vyetu ni masalia ya vipande hivyo. Vingi vimekufa, lakini si vyote. Na wakati mbegu inatengenezwa, ndipo vinapata nafasi ya kuamka. Vikiruka hovyo vinakatakata vinasaba, na mbegu haiwezi kuendelea."

"Kwa hiyo wewe una hivyo vipande."

"Hata Vincent anavyo."

Agustina alimtupia kaka yake jicho. Alikuwa amekaa juu ya fimbo yake, kwa kuwa aliambiwa aiweke chini lakini hakuambiwa aiache. "Na yeye ana watoto wanne. Nani anavilaza vya kwake?"

"Hapo sasa." Nashoni alisogea karibu na jiwe bila kujua kwamba amesogea. "Kuna vitu vinaitwa RNA ndogo, nakala fupi fupi za vinasaba. Hata ile darubini haivioni. Wanavisoma kwa mashine nyingine kabisa. Ni maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kimebeba alama ya kipande kimoja cha wale warukaji. Vinazunguka humo ndani kama vijana wa ulinzi wanaozunguka boma. Kikikuta kipande chenye alama yake, kinakikamata, wenzake wanakuja, mrukaji ananyamazishwa kabla hajavuka. Na vingine kazi yake ni kuzituliza jeni ambazo zamu yake imekwisha, ili mbegu isonge hatua ya mbele. Mwanaume amelala, au anakunywa uji, au anagombana na jirani juu ya mpaka, na huko ndani ulinzi unaendelea tangu alipobalehe. Hajui. Sikujua. Baba zetu walikufa bila kujua. Nilimuuliza daktari, nani alivifundisha? Akacheka. Akaniambia hata yeye hujiuliza."

Upepo ulipita juu ya mihogo. Agustina alijikuta amesahau kwamba amekasirika. Alikuwa anamwangalia mwanaume aliyelala ubavuni mwake miaka yote ile, ambaye yeye alimfulia nguo, akamkanda mgongo, na hakujua hata siku moja kwamba chini ya ngozi ile kuna jeshi lisilolala. Wala kwamba kuna vita vilivyokuwa vikishindwa humo, wakati yeye huku nje anatukanwa.

"Na vya kwako?" aliuliza taratibu.

"Vya kwangu vinatengenezwa, lakini vinatoka virefu kuliko kipimo. Mwilini kuna kitu cha kuvichonga vifikie urefu wake. Changu hakichongi. Basi vinakuwa dhaifu, havitoshi, warukaji wanaamka. Mbegu inafika katikati ya njia na kusimama." Akainua uso. "Lakini zinaanza, Agustina. Hilo ndilo lililoniliza pale mpaka kioo kikawa na ukungu. Nilikuwa nimejiita maiti. Kumbe kila siku zinaanza upya, kwa mamilioni, hazijawahi kukata tamaa hata siku moja. Zote zinafika mahali pale pale na kusimama."

Machozi yalimshuka Agustina bila kelele. Hakuyafuta.

"Hakuna dawa?"

"Kwa leo hakuna. Daktari hakunidanganya. Alisema labda watu watakaokuja."

"Ulipata wapi ugonjwa huo?"

"Si ugonjwa wa kuambukizwa. Nimezaliwa nao. Baba alibeba kasoro upande mmoja, mama upande mmoja, wao wenyewe wazima. Kwangu zikakutana."

"Mama yako anajua?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, kwa hiyo na mimi nimo? Nikasema umo, mama, wewe na marehemu baba. Akaingia ndani, hakula, hakusema na mtu. Asubuhi nilipokwenda bomani kutoa ng'ombe, nikamkuta ameshatangulia, anafungua lango. Akasema, maneno tulimpa mengi alipokuwa hapa. Mpelekee kitu."

Agustina aliinamisha uso. Alikuwa amemchukia Verdiana kwa uaminifu mkubwa, kama mtu anayelipa mchango wa kanisa, na sasa chuki ile ikamponyoka kidogo mkononi. Si yote. Lakini alimwona yule mama kizee amesimama langoni alfajiri peke yake, na picha ile haikukubali kuondoka.

"Sasa umeshaleta," alisema. "Unataka nini kwangu?"

"Nataka uwe huru. Mwambie huyo Felix ndiyo. Nimeulizia, ni mtu mzuri, hanywi, hapigi. Umri wako bado unaruhusu. Nenda ukazae."

"Na wewe?"

"Mimi narudi Kenyamonta."

"Unanipenda, Nashoni?"

Nashoni alishika ukingo wa jiwe.

"Nakupenda. Sijawahi kuacha. Boke alijua, ndiyo maana hakukaa. Lakini hilo sikuja nalo, Agustina. Nililiacha kwenye daraja la mto Mara, nikasema nisilivushe, nisije nikakuzibia njia mara ya pili."

Hapo sasa ndipo alipokosea. Wanaume wana tabia hii: wanaweza kutembea kutwa nzima na jambo jema kichwani, wakafika, wakaliharibu mlangoni.

"Kwa hiyo unanigawa," Agustina alisema.

"Sikugawi, nina—"

"Unanigawa. Kwanza mama yako alinirudisha kama sufuria iliyotoboka. Sasa sufuria imeonekana nzima, wewe unampa Felix. Felix mwenyewe hujamuuliza, na mimi hujaniuliza. Kila mtu anajua tumbo langu liende wapi. Lini mtu ataniuliza mimi mwenyewe ninataka nini?"

Nashoni alishusha fimbo begani, akailaza chini. Kisha akasema, kwa unyenyekevu ambao Agustina hakuwahi kuuona kwake katika ndoa yao yote, "Nakuuliza sasa."

"Umechelewa. Nitajijibu mwenyewe."

Akalizunguka jiwe, akampita, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba yake. Majirani wawili wazee walikuwa wameshafika, kwa maana Gorong'a kundi la ng'ombe haliingii kwa mtu bila wazee kujua shughuli ni nini. Agustina akawasalimia, akapiga goti kidogo, akasimama.

"Baba, ng'ombe hawa ni wa nani?"

Mzee Mwikwabe alikuna kidevu. "Hilo ndilo tulilokuwa tunalipima hapa. Si mahari, kwa hiyo si wangu. Si faini, kwa hiyo si wa ukoo. Vincent anasema ni wake, lakini Vincent ana uchungu wake, tunamwelewa." Akageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa polepole. "Wameletwa kwa sababu ya jina lako. Basi tumeona ni wako."

"Wangu kabisa? Naweza kufanya nao nipendalo?"

"Kabisa."

"Vincent achukue mtamba mmoja amtakaye," Agustina alisema. "Alipoteza mtu kwa ajili yangu. Ng'ombe hawezi kumrudisha mtu huyo, lakini achukue." Vincent akatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu kengele zisikike, mabega yake yakalegea. "Hao wengine nina kazi nao. Baba, hapa kwetu wapo mabibi wanaooa. Bibi hana mtoto wa kiume, ana ng'ombe, anakwenda kutoa mahari, analeta mke nyumbani kwake, na watoto wanaitwa wa kwake. Nyumba ntobhu. Si ndivyo?"

"Ndivyo," mzee mmoja alisema kwa tahadhari. "Lakini wewe bado kijana. Unataka kuoa binti wa nani?"

"Mwanamke mwenye ng'ombe anaweza kuoa. Hilo ndilo nilitaka mlikubali kwanza."

"Tumelikubali."

Agustina alivuta pumzi. Alimwona Felix akilini, uso wake mpole, na akamwomba radhi kimoyomoyo. Kesho angekwenda kumwambia mwenyewe, kwa heshima ile ile aliyompa. Akamwona mtoto ambaye huenda angemzaa, akamtazama kwa muda, kwa upendo, kwa maumivu ya kweli, akamwachia. Kisha akageuka, akamwona mwanaume aliyevuka mto mchana, mbele ya watu, kuja kujivunjia heshima ili yeye arudishiwe ya kwake. Mwanaume ambaye kila siku, ndani kabisa, kusipoonekana, alikuwa anaanza upya.

"Naoa kijana wa Verdiana," alisema. "Huyo hapo. Ng'ombe waende Kenyamonta kwa mama yake, na yeye abaki kwangu."

Mzee mmoja alikohoa ugoro wake wote. Vincent aliinuka, akaketi tena.

"Binti yangu," Mzee Mwikwabe alisema, "umemsikia alichosema? Huyu hawezi kukupa mtoto."

"Nimemsikia kuliko ninyi wote. Baba, mmetufundisha wenyewe kwamba mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Mimi ndiye mwenye ng'ombe. Siku nikitaka mtoto nitajua nitampata kwa njia gani, kama ni wa kulea nitalea, na yeyote atakayeingia kwenye nyumba yangu ataitwa wangu na wa mtu huyu. Na asipokuja mtoto, nitakuwa na mume wangu. Hakuna mtu atakayenirudisha popote, kwa sababu nyumba ni yangu."

Kitu kilianza kumtikisa mzee tumboni, kikapanda kifuani, na watu wakadhani ni hasira mpaka walipoona ni kicheko. Alicheka mpaka akashika magoti. Alipomaliza, alijifuta macho, akaketi wima kwenye kigoda chake, uso ukarudi kuwa wa mzee wa baraza.

"Sawa. Lakini hata hili lina taratibu," alisema. "Hakuna anayeolewa kwangu bila kuulizwa. Mleteni."

Wakamleta Nashoni katikati, akasimama pale wanaposimama mabinti siku ya mahari, raba zake zikiwa na tope, wazee upande huu na ng'ombe upande ule. Mzee Mwikwabe akamuuliza swali lile lile aliloulizwa Agustina miaka mingi nyuma, la kukubali mahari au kuikataa, ambalo kila msichana wa huku anajua siku moja litamfikia.

"Nashoni, mwana wa Verdiana. Ng'ombe hawa mama yako awale?"

Nashoni aliinamisha kichwa. Kisha akawatazama ng'ombe, akamtazama Agustina.

"Awale," alisema.